Mfereji wa Shemeji

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye mtumba. Miaka ile nguo za nje zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi, na dada yangu alikuwa akiuza za watoto sokoni Tengeru. Siku moja alifungua belo la nguo hizo akakuta, katikati ya masweta, boksi lenye kitabu cha Kiingereza na dadu za pande nyingi. Akaniletea nyumbani Sekei, nilikokuwa nakaa naye nikisubiri matokeo ya kidato cha sita.

"Wewe msomi," alisema, "hebu tuambie hiki ni kitu gani."

Ulikuwa mchezo wa kusimuliana. Kila mchezaji anajichagulia mtu wa kuwa, kisha anasema mtu huyo anafanya nini. Dadu zinaamua kama ameweza au ameshindwa, na msimamizi anaeleza kinachofuata. Msimamizi nikawa mimi, maana ndiye niliyeweza kukisoma kile kitabu, na sikuficha kwamba nilifurahi.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, sahani zikishaondolewa mezani: mimi, dada, mumewe, na jirani yetu aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Shemeji hakuwa mtu wa michezo. Kiwanda alichokitumikia tangu ujana kilikuwa kimeuzwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Tangu hapo alishinda uani na redio yake, haongei. Dada ndiye aliyemvuta mezani. Shemeji akachagua kuwa mhunzi, na tukashangaa alivyochangamka. Alimpa mhunzi wake mguu mbovu, mbwa mkali na ugomvi wa zamani na mjumbe wa kijiji, akawa anatuchekesha mpaka dada anafuta machozi.

Lakini mimi nilikuwa na hadithi yangu. Mto wa kijiji unakauka ghafla. Juu mlimani kuna joka limelalia chemchemi. Wachezaji wapande, walipige, maji yarudi. Hata maneno ya mwisho nilikuwa nimeshayatunga, nayasema peke yangu nikioga.

"Mto umekauka," niliwaambia Jumapili moja. "Wazee wanawaomba mpande mlimani. Mnafanya nini?"

Dada na mwalimu wakasema wanapanda. Shemeji alifikiri kidogo.

"Mimi sipandi. Si ulisema nyuma ya kilima kuna mto mwingine? Nachimba mfereji."

Ule mto nilikuwa nimeutaja kwa kupamba maneno tu.

"Njiani kuna mwamba," nikasema.

"Mimi ni mhunzi bwana. Nafua patasi." Akarusha dadu, ikaangukia namba ya juu kabisa. Mwalimu akapiga makofi.

Nikasema chuma kimekwisha. Akasema atayeyusha majembe ya zamani. Nikasema nyumba yake imeungua na majembe yote yalikuwa humo. Safari hiyo hakuna aliyerusha dadu.

"Basi nakusanya vijana, tunachimba hivyo hivyo kwa miti."

"Vijana wamehama."

"Wote?"

"Wote."

Shemeji aliiweka dadu mezani taratibu. Hakukasirika, na laiti angekasirika.

"Kumbe hata huku yameshaamuliwa," alisema.

Uso ukaniwaka. Dada akaanza kuifuta meza iliyokwisha kufutwa. Ningeweza kusema, hapana shemeji, chimba, na mambo yangekwisha pale pale. Badala yake nilifunua kitabu nikajifanya natafuta kanuni, mpaka akainuka akaenda uani na tukasikia redio ikiwashwa.

Ukweli ni kwamba sikujua mfereji ule ungetufikisha wapi. Maji yangefika kijijini, joka langu lingebaki limelala huko juu, nami ningekaa mbele yao sina la kusema, mimi msomi. Aibu hiyo ndogo niliiogopa kuliko nilivyomjali mtu mzima aliyekuwa ameanza kucheka tena.

Jumapili iliyofuata alikuja. Nadhani dada alimwomba. Kabla hatujaanza nikamwambia, "Shemeji, vijana wamerudi. Ukitaka kuchimba, chimba."

"Usijisumbue," alinijibu kwa upole. "Sema tu tunakwenda wapi."

Akapanda mlima. Mguu mbovu haukumsumbua tena, na mbwa hakutajwa. Kila nilipomuuliza anafanya nini, alisema, "Kile kinachotakiwa." Joka likafa, maji yakashuka, nami nikayasema yale maneno yangu ya mwisho, kwa kuwa sikuwa na mengine.

"Hadithi nzuri, shemeji. Hongera," alisema, akarudi uani.

Hatukucheza tena. Boksi dada akampa mwalimu. Baadaye shemeji alipata kazi kwenye gereji ya magari ya watalii, akarudia hali yake ya zamani, mtu wa maneno na utani. Nilifurahi, lakini kila nilipoketi naye meza moja nilijikuta naangalia sahani.

Miaka mingi ikapita. Siku ya kipaimara cha binti yake nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba, akigeuza nyama. Nikajikaza.

"Shemeji, ule mchezo wetu wa zamani... nilikukosea."

"Mchezo upi?"

Nikamweleza, maneno yakinitoka vipande vipande. Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu mbali, au aliyeamua kutokukiona, sijui.

"Aa, lile joka!" alisema, akacheka. Akanikatia kipande cha ini, akanipa. Nikakila nimesimama pale pale kwenye moshi, nikiangalia chini.