Unyayo Uliojaa

Nimerudi chumbani kwangu, mtaa wa Najma, baada ya saa kumi na mbili za kusimama kazini kwenye mlango wa hoteli. Nimetoka kuoga, na unyayo wangu umebaki sakafuni, umejaa wote, bila mkato katikati. Harufu ya saruji iliyolowa ikanirudisha kidato cha nne.

Mwalimu wa michezo alikuwa akituandaa kwa chuo cha maofisa wa jeshi. Alitukanyagisha maji, kisha veranda kavu. Akautazama unyayo wangu, akacheka.

"Binti, hii ni chapati. Jeshi halichukui miguu bapa. Haihimili kusimama."

Nikaenda kusimama katikati ya uwanja, pekupeku, juani, mpaka kengele ya jioni. Mwalimu mwenyewe akaniletea kiti.

"Keti basi."

"Kikalie wewe, mwalimu. Mimi sijachoka."