Mmarekani Wetu wa Nyumba za Reli

Enzi zetu, sisi wa nyumba za reli Nsambya, Kampala, televisheni ilikuwa dirisha la jirani. Vijana wa leo wakikosa bando nusu saa wanaugua. Sisi tulikuwa na mpira wa soksi, na tulikuwa na Mmarekani wetu wenyewe.

Jina lake Dorothi, mwandishi wa gazeti, mrefu kama mlingoti, alipanga chumba cha uani kwetu. Alitusimulia kwamba kwao alianza kazi kwa kuandika habari za maonyesho ya ng'ombe, na kwamba iko siku angeandika vitabu. Tulicheka mpaka tukagaagaa: mtu mzima kulipwa kwa ajili ya ng'ombe. Jioni alijifunga sketi kiunoni tukacheza kwepena, sisi tukimlenga kwa mpira, yeye akiruka kama panzi. Baadaye aliketi kwenye taipu yake, ka-ka-ka, na mstari ukifika mwisho kengele ikalia: ting.

Lakini wanajeshi ndio waliotawala, na hawakuwapenda waandishi wa habari. Mtu akishatiwa kwenye buti ya gari, kwao walianza matanga.

Alasiri moja gari la jeshi likasimama mlangoni. Dorothi alikuwa ameenda mjini, Nakivubo. Taipu ilikuwa mezani. Mama akaikwapua, akaketi kwenye kibao mbele ya unga wa mandazi, akaibana katikati ya miguu na kuifunika kwa gomesi, gauni lake pana.

Askari akaingia. "Mama, Mzungu yenu iko wapi?"

"Ametoka, afande. Karibu chai."

Mama akasogeza goti. Ting.

"Nini hiyo?"

Dada yangu Zaina, bila kukonyezwa na mtu, akashika usukani wa baiskeli isiyokuwepo, akazunguka uani: "Ting, ting, pisha njia." Sote tukamfuata, ting ting ting, tukigongana na kuanguka, hofu na kicheko vimetukaba pamoja. Askari naye akacheka. Akanywa chai yenye sukari yetu yote, akaondoka.

Asubuhi Baba, dereva wa treni, alimpakia Dorothi kwenye treni ya Kenya, na taipu ndani ya gunia la matoke.

"Mama Zaina, nitakushukuruje?"

"Andika. Na useme chai yangu ni tamu."

Aliandika kweli, magazeti makubwa kwanza, kisha vitabu. Alirudi na mvi kutuletea kimoja. Mama, asiyejua Kiingereza, alitusomesha ukurasa wa chai mpaka tukaukariri.

Leo wajukuu wangu kule Ntinda wanajua Mmarekani fulani amekula nini asubuhi, ila jirani wa ukuta wa pili hawamjui jina. Bunduki zile sitaki zirudi hata kwa dakika. Lakini ule ua, ambamo mgeni wa mmoja alikuwa mgeni wa wote, natamani waukanyage walau jioni moja.