Mtoto alikabwa na kifungo, mimi nikasimama namtazama

Mhariri, nashukuru kwa kukubali kulificha jina langu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Nina miaka mitatu kwenye ndoa. Tunaishi Ipagala na mtoto wa kike wa miaka minne, ambaye hapa nitamwita Neema. Sikumzaa mimi. Mama yake alifariki Neema akiwa bado ananyonya, na nilipoingia nyumba ile ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mama anayemjua ni mimi.

Ninalotaka kulisema nimelionea aibu tangu utotoni. Naogopa vifungo. Hivi hivi vya nguo, vya shati, vya koti. Sijui ilianzia wapi. Nikiwa shule ya msingi mama aliving'oa kwenye sare yangu akashona vikamba, nikawa nachapwa kwa ajili hiyo, na bado niliona afadhali fimbo. Kikiwa kimeshonwa kwenye nguo ya mtu naweza kujikaza, nikaangalia pembeni. Lakini kikiwa kimekatika, kimelala peke yake na nyuzi zake, mwili wote unasisimka, mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, na mikono hainitii. Ukubwani nimevaa magauni ya zipu tu, watu hawakugundua.

Mume wangu nilimwambia kabla ya ndoa. Alicheka, akadhani ni utani wa wachumba, nami sikurudia tena. Wakati ule alikuwa kwenye shirika la umma. Shirika lilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, akaingia kwenye mitumba kama wengi. Mabelo ya nguo yakawa yanafunguliwa sebuleni kwetu: makoti mazito, mashati, na kopo la vifungo vya kurekebishia nguo zilizopungukiwa. Nikitoka kazini nilikuwa napitia mlango wa uani.

Jumamosi moja mwezi uliopita mume wangu alikuwa sokoni. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kibakwe, alikuwa uani anapepeta karanga. Neema alikuwa sebuleni anacheza juu ya makoti. Nikamsikia anakohoa mara moja, kisha kimya. Ule ukimya ndio ulionifanya niingie.

Alikuwa amejishika shingo, midomo imeanza kubadilika rangi. Nikapiga magoti, nikamfungua kinywa, nikakiona: kifungo cha koti, cha kahawia, kimekaa nyuma ya ulimi, uzi unaning'inia. Kidole changu kingekifikia. Ndugu zangu, nilijua mtoto anakufa. Nilijua kabisa, na mkono ukakataa. Nikainuka, nikarudi nyuma mpaka ukutani, mikono nimeificha mgongoni. Hata sauti ya kumwita mama mkwe haikutoka.

Mama mkwe aliingia kuchukua ungo mwingine akatukuta hivyo. Alimnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya paja lake, akampiga mgongoni mara tatu, nne, kifungo kikatoka, kikabingirika mpaka karibu na mguu wangu. Nikakimbia nje. Mimi nilikuwa nakikimbia kifungo. Yeye aliona namkimbia mtoto.

Mume wangu aliporudi alimkuta mama yake amempakata Neema. Mama hakupaza sauti. Alisema, "Huyu alikuwa ameegemea ukuta, anamtazama mwanao anavyokufa. Nimemkuta kwa macho yangu."

Nilipiga magoti nikaeleza yote, tangu shule. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Angekuwa wa kumzaa wewe, ungekitoa?"

Nina ujauzito wa miezi mitatu ambao sijamwambia mtu, na swali hilo nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe.

Mama mkwe alirudi Kibakwe na maneno yake, na huko yamekua. Sasa ukoo unakumbushana kwamba mama yake Neema aliugua siku chache tu akafa, na kwamba mimi na mume wangu tulikuwa tunafahamiana tangu wakati huo. Ni kweli tulifahamiana, lakini kikazi tu. Shemeji yangu akaja na ujumbe kwamba hakuna mtu anayeogopa kifungo bure, lazima kuna jambo alilowahi kulifanya kwa kifungo. Wakishamaliza kuvuna nitaitwa kwenye kikao. Nitapewa gauni jipya la Neema, sindano na vifungo sita, nivishone mbele ya wazee wote.

Nikiweza, watasema hofu niliigiza na mtoto nilimwacha makusudi. Nikishindwa, watasema wamempata mchawi wao.

Muuguzi mmoja ninayemwamini aliniambia kwamba hofu za namna hii zipo na zinatibika, niende hospitali ya akili, huenda nikapata na barua ya daktari. Lakini mnaoishi Dodoma mnajua mtu akionekana anaingia kule anavyosemwa. Na ukoo utauliza mtoto ataachwaje na kichaa.

Mume wangu hajanifukuza wala hajanigombeza. Ila kila asubuhi anamchukua Neema anakwenda naye sokoni, kwenye jua na vumbi, akashinde kutwa katikati ya makoti yale yale. Hajasema sababu, nami sijathubutu kuuliza. Jioni mtoto akinikimbilia nimbebe, namwambia kwanza afungue viganja nione.

Mama zangu, dada zangu, nielekezeni mapema, mavuno yanakaribia kwisha. Niende Kibakwe nikashike sindano hiyo? Niingie hospitali kwanza, liwalo na liwe? Au nirudi kwetu nikajifungulie huko, nimwache Neema anayeniita mama? Na huyu niliyembeba, siku akikabwa tukiwa wawili tu nyumbani, atatolewa kifungo na nani?