Kijana wa Ndani ya B

Kwaya ya kigango kimoja pale Igogo ilikuwa na nyimbo nyingi na haikuwa na karatasi. Nakala zilitolewa kila mara, lakini waimbaji walizikunja, wakajipepea nazo wakati wa mahubiri, kisha wakaondoka nazo. Mwalimu wa kwaya aliwahi kununua karanga zilizofungwa ndani ya wimbo wake mwenyewe wa Pasaka. Ubeti wa pili, alisema. Na karanga zilikuwa mbichi.

Mwalimu huyo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Nyakato, na shida zake nyingi alizitatua kwa chuma. Alitaka kitabu kimoja kikubwa, kiwekwe juu ya stendi atakayoichomelea mwenyewe, kifungwe kwa mnyororo, kwaya nzima ikisome kwa pamoja. Atakayetaka kujipepea atumie mkono.

Mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuwa napaka rangi ukuta wa kanisa. Kabla ya hapo nilibeba samaki kiwandani, kabla ya hapo niliandika majina ya mitumbwi ufukweni, na kabla ya hapo nilikuwa Misungwi, naangalia mashine ya kukoboa mpunga ya mtu. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa shida yoyote kubwa. Nilitoka kwenda kuangalia meli ikishusha mzigo na sikurudi.

Huwa nashika kitu kimoja na kukiangalia kwenye simu mpaka kiniishe hamu. Mwaka ule vilikuwa vitabu vya Ulaya vya zamani, vile ambavyo watawa waliviandika kwa mkono kabla ya mashine za kuchapa. Ukurasa unapoanza, herufi moja inakuwa kubwa kama kiganja, imepakwa dhahabu, na ndani ya tundu la herufi kuna watu: mfalme anaoga, mtakatifu anakatwa kichwa, mwanamke anakamua ng'ombe. Pembeni ya maneno ya sala, askari mwenye mavazi ya chuma anapigana na konokono. Mara nyingi konokono anashinda. Nilisoma maelezo ya wataalamu kuhusu huyo konokono. Hawajui.

Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa vya kwaya, vikubwa kama meza, ili watu wote wasome wakiwa wamesimama. Nikamwonyesha mwalimu.

"Ndicho hiki," akasema. "Nani anaandika hivi siku hizi?"

"Naweza kujaribu."

"Wewe si mpaka rangi?"

"Na hii ni rangi, mwalimu."

Aliuangalia ukuta wangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umenyooka. Akakubali.

Maneno na noti havikunisumbua. Nilikaa stoo ya kanisa, kati ya ngoma na viti vilivyovunjika, nikaandika. Kazi ilikuwa ile herufi ya kwanza. Wimbo wa kwanza ulianza na neno Bwana, kwa hiyo B, ambayo ni herufi nzuri kwa sababu ina vyumba viwili. Cha juu mwalimu alikitaka kwa ajili ya mtakatifu msimamizi wa kigango. Cha chini tulikubaliana tutakiona huko mbele.

Dhahabu niliipata mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayetengeneza ladu na barfi. Kuna karatasi ya dhahabu, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, wanayoibandika juu ya vitamu vya harusi. Nikamwamkia, nikamwambia shida yangu.

"Una harusi?"

"Hapana, mzee. Nataka kuibandika kwenye herufi."

"Herufi gani?"

"B."

"Hii ya kula, bwana. Mtu anakula leo, kesho imetoka. Wewe unataka ikae?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe wa kwanza," akasema, akanipa zilizobaki, akanionya nisipumue karibu nazo.

Ikabaki gundi. Wale watawa, nilisoma, walibandika dhahabu kwa gundi iliyopikwa kutokana na mfuko wa hewa wa samaki. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Huo mfuko hapa kwetu ndio bondo, na bondo la sangara linapelekwa Uchina likiwa na bei inayomfanya sangara mwenyewe aonekane kama kifungashio. Watu wanalifungia kwenye makufuli. Hakuna anayelipikia gundi.

Nilimwendea mama mmoja aliyekuwa akinunua mabondo mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mtu wa pande za Mara, ambaye pia aliimba sauti ya pili kwenye kwaya hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siuzi rejareja."

"Nataka kipande tu, kama kidole."

"Umetumwa na nani?"

"Na kwaya."

"Kwaya inakula mabondo siku hizi?"

Nikamweleza, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliikuza kwa vidole vyenye magamba ya samaki, akaishia kwenye kona ya chini ya picha, ambapo mtu mdogo amepiga magoti.

"Huyu mfupi ni nani?"

"Ni aliyegharamia kitabu. Waliotoa, walichorwa humo humo."

"Na kama aliyetoa anataka achorwe mwingine badala yake?"

Nikamwambia sijaona mahali palipokatazwa. Akachukua kisu, akakata kipande kikubwa kuliko nilichoomba.

"Mchore mwanangu," akasema.

Mwanawe alikuwa mvuvi wa dagaa. Mtumbwi ulipinduka, yeye akafa, wakampata, wakamzika kwao. Kilichokuwa kinamtesa mama ni kwamba hakubaki na picha yake hata moja. Picha nyingi zilikuwa ndani ya simu ya kijana, na simu ilibaki ziwani. Simu ya mama iliibiwa kabla hata ya arobaini. Kitambulisho cha taifa kijana alikuwa na namba tu, kadi ilikuwa haijatoka. Ipo picha ya kumaliza darasa la saba, shule nzima, lakini kijana alisimama nyuma ya mwenzake mrefu. Linaonekana sikio.

"Nimeanza kumsahau," mama aliniambia, kama mtu anayesema ameanza kuumwa goti. "Asubuhi nikiamka inanibidi nimtafute."

Mwalimu hakufurahi. "Kitabu cha nyimbo si ukumbi. Kesho kila mtu ataleta mtoto wake."

"Wale wa zamani waliwachora watoaji wadogo sana," nikasema.

"Wadogo kiasi gani?"

"Uso kama punje ya mchele."

Akapima punje ya mchele kwa kidole na gumba, akaona haina madhara. "Basi awe mdogo. Na huyu hapa pembeni?"

"Konokono."

"Anaimba sauti gani?"

Nikamfuta konokono, nikachora korongo kama wale wa jalalani. Korongo akapita.

Bondo linawekwa majini usiku kucha, linachemshwa kwa moto mdogo, linachujwa kwa kitambaa, na stoo inanuka kiasi kwamba paka wa padri alihamia humo kabisa. Nilimkata manyoya machache ya mkia, nikapata brashi. Gundi ikachanganywa na chaki iliyosagwa, ikapakwa juu ya B, ikaachwa ikauke. Kisha unachukua bomba la peni, unaielekezea herufi, unaipulizia pumzi ya moto kutoka kifuani, haaa, gundi inapata unyevu, na hapo hapo unalaza dhahabu. Mara ya kwanza niliipulizia pia dhahabu yenyewe, ikaruka, ikatua kwenye ngoma. Bado ipo.

Herufi ikang'aa. Ilikuwa imetengenezwa kwa samaki na kitu cha juu ya ladu, yaani mwenye njaa angeweza kuila, na paka alijaribu.

Kisha uso. Uso wa ukubwa ule ni nukta mbili na kistari. Nilimweka kijana kwenye chumba cha chini cha B, ndani ya mtumbwi, nikatia nukta mbili na kistari, nikamwita mama.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wako, mama."

"Wangu alikuwa na shingo."

Nikaweka shingo. Akawa anakuja kila akishafunga biashara, anakaa kwenye kiti chenye miguu mitatu, ananieleza. Tatizo ni kwamba hakunieleza sura. Alisema ukimwita, kijana alikuwa anageuka mwili mzima. Alisema akila kitu kitamu anafumba jicho moja. Alisema hakuwa mweusi sana wala mweupe, alikuwa rangi yake. Sikio nililichora kwa uhakika, kwa sababu lilikuwa na ushahidi.

Nilimfuta na kumrudia mpaka karatasi ikaanza kulika. Mwisho nikampa ushauri.

"Tumchore kwa nyuma, mama. Anapiga kasia, anaelekea ziwani. Itapendeza."

"Mgongo wake naujua," akasema. "Jioni zote nilikuwa nauangalia. Mimi nataka anakuja."

Nikageuza mtumbwi. Nikamchora anakuja. Brashi ilikuwa na rangi nyingi kidogo, na nyusi moja ikatoka nene kuliko mwenzake. Nilikuwa nachukua kitambaa nifute aliponishika mkono.

"Usiguse."

Alikaa pale mpaka giza likaingia, na nilipowasha taa aliinuka akaenda zake.

Jumapili kitabu kikawekwa juu ya stendi ya chuma, kikafungwa mnyororo. Kwaya iliimba vizuri tu, isipokuwa wa mbele walikuwa wanaangalia korongo. Ibada ilipokwisha mama alipanda hadi kwenye stendi, akainama, akaibusu ile B kwenye chumba cha chini, kama padri anavyobusu madhabahu. Alipoinua kichwa alikuwa na doa la kahawia kwenye mdomo, na ndani ya mtumbwi alikaa mtu mwenye shingo, sikio, ila hana uso.

Rangi yangu nilikuwa nimeichanganya na gundi ile ile. Ikipata unyevu inaachia.

"Kitabu kimeliwa siku ya kwanza!" mwalimu akasema.

Mama alinigeukia. "Ametoka?"

"Ametoka, mama."

"Mrudishe."

Nikamwambia ukweli, kwamba ule uso ulikuja wenyewe, ni brashi iliteleza, sijui kama nitaupata tena.

"Mara ya kwanza ulikuwa humjui," akasema. "Sasa huna kisingizio." Akafuta mdomo kwa pindo la kitenge, kisha akaliangalia lile doa kwenye pindo, akalikunja kwa ndani.

Kazi ile ilinichukua wiki nzima, nikatupa nyuso nyingi kwenye vipande vya karatasi kabla ya kugusa kitabu. Akaja, akaangalia, akasema ndiye. Nikamweleza kwamba ipo vanishi ya kumkinga. Mwalimu akapendekeza nailoni ngumu, ile ya kufunikia vyeti.

"Wewe mke wako unambusu kwenye nailoni?" mama akamuuliza mbele ya sauti zote nne.

Besi walicheka. Suala la nailoni likaishia hapo. Jumapili iliyofuata akambusu tena.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Tangu wakati huo nimeishi Ukerewe, nimeishi Misungwi mara ya pili, nimefanya kazi kwenye kivuko hadi tulipokosana. Lakini kila baada ya miezi kadhaa napigiwa simu, sauti ya mama inasema, "Ametoka," na mimi narudi Igogo na brashi yangu. Yeye anatoa nauli na kipande cha bondo. Padri amebadilishwa, kwaya imenunua spika, nyimbo nyingine zimehamia kwenye simu, lakini ukurasa ule bado uko wazi juu ya stendi.

Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya mvua. Nilishatia macho na zile nyusi, ambazo sasa natia bila kufikiri. Mama alikuwa ameegemea stendi.

"Muweke ndevu," akasema.

"Alikuwa nazo?"

"Wakati ule hapana. Lakini kwa umri wake sasa angekuwa nazo."

Nikauliza za namna gani. Akasema kama za baba yake, ila fupi. Nikatia. Akavaa miwani, akasogea.

"Nyingi mno. Angekuwa na mke sasa, angemgombeza."

Nikapunguza. Nikamuuliza kama huyo mke naye aingie, maana kwenye mtumbwi nafasi ipo. Akaupima mtumbwi kwa macho.

"Ngoja kwanza ajenge," akasema.