Amina ya Kuazima

Kanisa letu lilikuwa dogo hivi: ukipiga chafya mlangoni, pasta anafuta miwani. Ukuta mmoja tu ulitutenga na kanisa kubwa la jirani, lenye spika za kuamsha wafu mpaka Kambove, na magari ya watu wa Golf, mtaa wa matajiri, yakijipanga hadi mwisho wa dunia.

Pasta wetu alipomaliza sala, jirani nao walikuwa wakinguruma: "Aminaaa!" Bati letu linatetemeka, nasi tunafungua macho tukijiona taifa zima. Tuliiita Amina ya kuazima.

Siku moja habari ikafika: mkubwa wa makanisa yetu anakuja Jumapili. Kanisa lisilokua litafungwa, pasta atapelekwa mbali.

Mama anayeuza samaki wakavu wa Pweto akashika kichwa. Mume wake ni mgonjwa, hatoki kitandani mchana wala usiku, na pasta humwendea kila Jumapili baada ya ibada.

"Bakimuhamisha, nani atakuya kuombea muzee wangu?"

Mkubwa akaja, akakalia kiti cha karibu na ukuta. Sala ya kwanza tu, ukuta ukalipuka: "AMINAAA!" Nusura aruke hadi darini.

"Papa pasta! Bantu beko benyi hivi?"

Mimi, diploma yangu ya masomo ya jioni ikinuka wino bado, nikadakia, "Beko inje, papa! Nafasi haitoshi!"

"Nyamaza, weye muongo," pasta akasema. "Papa, bale ni ba jirani. Bangu njo aba."

Akatuonyesha kwa kidole. Kidole hakikuchoka.

Mama wa samaki akainamisha kichwa. Tumekwisha, nikawaza.

Katikati ya mahubiri umeme ukakatika mtaa mzima. Spika za jirani zikafa. Pasta hakujua hata kama umekatika. Sauti yake ni ya kuita mbuzi, haina waya. Akahubiri, akamwombea yule mzee wa kitandani kama kila Jumapili. Alipomaliza, kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja, polepole, bila spika: "Amina."

Mkubwa akacheka hadi akavua miwani.

"Na hii, papa pasta, ni ya nani?"

"Hii ni ya muzee."

"Muzee mwenyewe eko wapi?"

Pasta akavaa kofia yake, wakatoka pamoja, mama wa samaki mbele akikaribia kukimbia. Mkubwa alikaa kitandani pa mzee mpaka bukari, ugali wa kwetu, ikaiva, akala, akaondoka.

Habari ya kufunga kanisa alisahau kuisema. Nasi, mpaka leo, hatujamkumbusha.