Vidole vinne

Juzi, kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja hapa Dodoma, mbele yangu alisimama mama aliyembeba bintiye mwenye homa.

"Mtoto ana miaka mingapi?" karani aliuliza.

"Minne," mama alijibu. Walio chini ya mitano hutibiwa bure.

Binti akainua kichwa kutoka begani. "Mama, mimi nina sita!" Akanyoosha vidole.

Mama akavifumba vile vidole ndani ya kiganja chake. Karani akajifanya hakusikia. Nami pia.

Kwenye dirisha la dawa wakamuuliza binti mwenyewe, "Una miaka mingapi, mwanangu?" Akanyoosha vidole vinne, kisha akamtazama mama yake, akisubiri kusifiwa.

Mama akatazama sakafu.

Huwa tunauliza watoto wamejifunzia wapi uongo. Huyu alijifunzia begani kwa mama yake, akiumwa.