Utupa Kwenye Maharage ya Babu

Harufu ya mbegu za utupa zikitwangwa, jamani, haifichiki. Ukali wa majani mabichi, ukishaingia puani hautoki. Nikiisikia hata leo namuona mama yangu kule Tukuyu, enzi za Mwingereza, anachuja maji yake na kuloweka humo mbegu za maharage, ndipo apande.

Msimu mmoja kabla ya hapo maharage yetu yalikauka majani kama yamepitiwa na moto, maganda yakajaa madoa, yakaoza. Mama alikuwa Msafwa, na kwao dawa ya ugonjwa ule ndiyo hiyo. Kumbe kwetu, upande wa baba, utupa ni sumu ya kulevya samaki mtoni! Babu, mzaa baba, akajua mama anataka kutumaliza.

Na sisi Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani, hawasemezani. Mama akisikia tu babu anakohoa njiani, huyo, kwenye migomba! Basi maneno yote yalipitia kwangu, na mimi nilivyopenda kuiga watu, we!

"Kamuulize mama yako," babu ananguruma, "mimi ni samaki?"

Nafikisha na kikohozi chake. Mama anajibu kwa kisauti cha kifaranga: "Mwambie baba, inayokunywa dawa ni mbegu, si yeye."

Maharage yakastawi, kijani tupu. Ndiyo kwanza babu akazidi kushuku: "Ya jirani yameungua, ya kwake yananawiri. Kuna nini humo?" Siku yalipopikwa akasukuma bakuli. "Ale yeye kwanza. Asipokula, arudi kwao leo leo."

Sasa atamuonaje, na mkwe hali mbele yake? Nikatumwa jikoni niwe macho ya babu. Mama akala polepole, ananikodolea macho. Nikarudi.

"Amemeza?"

"Amemeza, babu."

"Amemezaje?"

Nikamuigiza: shingo ile, macho yale, mpaka kulamba vidole. Babu akanitazama weee, hacheki. Halafu akavuta bakuli lake.

Mimi nilidhani mama anaogopa yale maharage. Mpaka nikaolewa, nikawa na baba mkwe wangu na kitoto cha kunipelekea maneno, ndipo nikaelewa. Maharage aliyajua vizuri. Alichokuwa anakiogopa siku ile ni mimi, kitoto kinachopenda kuchekesha watu, na ndoa yake yote imo mdomoni mwangu.